Alamu ya wezi inalia bila mwizi: tatizo litafutwe wapi

Alamu inayolia ovyo ni mbaya kuliko isiyolia kabisa. Usiku wa kwanza inaamsha mtaa mzima, usiku wa pili majirani wanajifunika shuka, na baada ya wiki mwenye nyumba mwenyewe anaacha kuiwasha. Mwizi akija anakuta taa ya kijani inamkaribisha. Kwa hiyo malalamiko ya "inalia tu yenyewe" ndiyo nitakayoyapa nafasi kubwa hapa. Mengine nitayapitia kwa kasi.

Ninazungumzia mifumo ya waya: boksi la chuma lenye bodi, transfoma na betri ya volti 12, kibao cha namba karibu na mlango, sensa za PIR (zinazohisi joto la mtu anayepita) kwenye pembe za vyumba, sumaku milangoni, king'ora nje. Mifano nitaitoa kwa paneli za kampuni mbili, DSC na Paradox, lakini namna ya kufikiri ni ile ile kwa nyingine.

Kabla ya kushika bisibisi

Mafundi wengi wakifika wanakimbilia kubadilisha sensa. Sensa mpya inafungwa, hela inalipwa, na baada ya siku chache simu inapigwa tena. Bodi ina kumbukumbu, isome kwanza. Kwenye DSC bonyeza nyota na 3, utaona zoni zilizolia, yaani sehemu za nyumba, kila moja na sensa au mlango wake. Kwenye Paradox kuna kitufe cha MEM. Kisha angalia hitilafu: nyota na 2 kwa DSC, TRBL kwa Paradox. Kwenye orodha ya DSC, taa ya 2 ni umeme wa gridi haupo, na taa ya 8 ni saa ya mfumo imepotea. Hiyo ya 8 mafundi wanaipuuza, wanarekebisha saa na kuondoka. Lakini saa haipotei bure. Imepotea kwa sababu bodi ilizimika kabisa, yaani umeme ulikatika na betri nayo ikaisha. Taa moja hiyo imeshakuonyesha pa kuanzia.

Halafu ongea na wa nyumbani.

"Mama, ilivyolia juzi, umeme ulikuwepo?"

"Ulikatika tangu magharibi, fundi. Uliporudi tu, ndiyo ikaanza kelele zake."

Jibu kama hilo linakuepusha kupanda ngazi. Uliza pia kama mvua ilinyesha, kama feni au kiyoyozi kiliachwa kinafanya kazi, na kama kuna mtu aliyefungua dari hivi karibuni. Fundi wa dishi au wa jipsamu akishapita darini, waya zako zimeshapata mgeni.

Kama nyumba ina kampuni ya ulinzi inayopokea ishara, wapigie uwaambie unafanya majaribio, la sivyo gari la askari litafika kabla hujapata ngazi. Na ukifungua boksi, kumbuka upande mmoja una volti 230. Zima umeme wa transfoma kwanza, kisha chomoa betri, ndipo uingize mikono.

Inalia umeme unapokatika au unaporudi

Hapa anza na betri, na ukitoka hapo rudia betri.

Sensa ya PIR inashikilia swichi yake ikiwa imefunga kwa kutumia umeme unaotoka kwenye bodi. Umeme ukipungua, swichi inaachia, zoni inafunguka, na bodi inaona kama mtu amepita. Betri iliyochoka inapopewa mzigo ghafla inashuka chini ya kiwango ndani ya sekunde chache, basi sensa zote zinaachia pamoja. Ukiona kwenye kumbukumbu zoni tano zimelia kwa wakati mmoja, usitafute wezi watano. Na kile king'ora chenye betri yake ndani kimetengenezwa kulia pale kinapokosa umeme wa bodi, kwa sababu ndivyo inavyokuwa mwizi akikata waya. Betri ya boksi ikifa, king'ora kinadhani kimekatwa.

Kosa la kawaida la upimaji ni kuweka mita kwenye betri ikiwa bado imeunganishwa, ukasoma volti 13.7 na kusema ni nzima. Hapo umepima chaja. Zima transfoma, acha mfumo ubebwe na betri peke yake, kisha washa king'ora huku unaangalia mita. Betri nzima ya ampia-saa 7 iliyojaa inaanzia karibu na 12.7 na inashuka kidogo tu. Ikiporomoka chini ya 11 hapo hapo, imekwisha, hata kama ilinunuliwa majuzi. Kuna betri nyingi zilizokaa dukani mwaka mzima bila kuchajiwa, na betri ya asidi iliyokaa tupu hairudi ilivyokuwa.

Itazame pia kwa macho. Betri iliyopikwa na joto huvimba mbavuni, ukiweka rula ubavuni unaona mwanga unapita juu na chini. Kwenye vichwa vyake kunakuwa na unga wa kijani au mweupe, na kile kiunganishi chekundu ukikigusa kinacheza. Pwani, hewa ya chumvi inafanya kazi hii haraka. Safisha, bana kiunganishi kwa koleo, na kama plastiki yake imebadilika rangi kwa kuungua, kibadilishe.

Sasa swali la kwa nini betri inakufa mapema. Jumlisha matumizi: bodi na kibao vinakula kama miliampia 200, sensa sita za miliampia 15 ni 90, moduli ya simu (inayompigia mwenye nyumba alamu ikilia) tuseme 50. Jumla 340. Betri ya ampia-saa 7 kwenye karatasi inakupa saa 20. Kwa betri yenye umri, hesabu nusu. Upande wa pili, bodi nyingi zikitoka kiwandani huchaji kwa miliampia 350 hadi 400 hivi, maana yake betri iliyoisha inahitaji takriban siku nzima yenye umeme ili ijae. Penye mgao wa kila siku, betri inashuka ngazi mbili na kupanda moja, mpaka siku inafika chini. Dawa si kununua betri ya bei mbaya. Bodi za DSC na Paradox zina mpangilio wa kuchaji kwa kasi zaidi, takriban miliampia 700. Angalia kwenye kitabu cha paneli yako kama transfoma iliyofungwa inatosha, kwa sababu nyingine zinahitaji ya VA 40. Na kama nyumba ina inveta, iunganishe transfoma huko.

Halafu kuna joto. Watengenezaji wa betri hizi hukadiria umri wake kwa nyuzi 20 hadi 25, na kila zinapoongezeka nyuzi 10 hivi umri unakatika nusu. Hebu fikiria boksi lililofichwa darini chini ya bati, mwezi wa pili, Dar es Salaam au Mombasa. Sielewi nani alianzisha mtindo wa kuficha boksi darini. Linafaa kabatini au stoo, mahali penye kivuli na ambapo mtu anafika bila ngazi. Ukifunga betri mpya, andika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito.

Zoni moja inalia, na umeme upo

Hapa kuna watuhumiwa watatu: bodi, waya, sensa. Watenganishe. Chomoa nyaya za zoni hiyo kwenye bodi, na mahali pake weka rezista peke yake (kipande kidogo chenye mistari ya rangi, chenye ukinzani maalumu) kati ya Z, skrubu ya zoni, na COM, skrubu ya pamoja. DSC hutumia ya omu 5,600 (mistari ya kijani, bluu, nyekundu). Paradox ya omu 1,000 (kahawia, nyeusi, nyekundu). Kama zoni inaendelea kulia ikiwa na rezista tu, bodi ndiyo mbaya. Hiyo ni nadra. Ikinyamaza, tatizo liko nje.

Sasa pima zile nyaya mbili ulizochomoa, mita ikiwa kwenye omu, chumba kikiwa kimya na sensa ikiwa bado inapata umeme wake. Kwenye DSC, rezista ikiwa imefungwa mwisho wa njia, ukisoma 5,600 na kidogo juu, njia ni nzima. Ukisoma karibu na sifuri, nyaya zimegusana: msumari wa picha, meno ya panya, au kibano cha mlango. Mita isiposoma kitu, njia imekatika au sensa haina umeme. Ukisoma namba iliyo chini, mfano 4,000, na siku za mvua inashuka zaidi, maji yameingia kwenye waya mahali fulani. Na ikiwa juu, 6,500 halafu 7,000 halafu inarudi, kuna jointi mbovu. Mwambie msaidizi atikise waya darini huku wewe unasoma, namba itaruka akifika penyewe.

Jointi za kusokota na kufunga kwa utepe ndizo zinazoleta ule ugonjwa wa "inalia mara moja kwa wiki". Shaba inaota kutu ya kijani chini ya utepe, inashika na kuachia kufuatana na joto la dari. Unganisha kwa risasi na ufunike kwa mpira unaosinyaa kwa moto, au bora zaidi usiwe na jointi, vuta waya mzima toka sensa hadi boksi.

Panya wanatafuna ganda la waya mpaka shaba inabaki uchi, na dari za nyumba nyingi wamezimiliki wao. Ukikuta mahali pametafunwa, usiweke utepe pale tu. Pitisha waya mpya ndani ya bomba.

Kitu kingine cha kukagua ukiwa hapo: rezista ilipo. Mafundi wengi huifunga ndani ya boksi kwa kuwa ni rahisi. Mahali pake ni mwisho wa njia, ndani ya sensa au karibu na sumaku. Ikiwa ndani ya boksi, mtu aliyekuja mchana kupaka rangi anaweza kuunganisha nyaya mbili kwenye sensa, na bodi itaendelea kusoma salama usiku mzima. Rezista ikiwa mwisho, kuunganisha huko kunasomeka sifuri na alamu inaamka.

Kama waya ni safi, fungua sensa. Pwani nzima mtuhumiwa wa kwanza ni mjusi kafiri. Sensa ina vuguvugu kidogo, ina giza, na ina tundu la waya nyuma ambalo fundi hakuliziba. Ukiondoa kifuniko utaona vinyesi vidogo vyeusi vyenye ncha nyeupe vimekauka juu ya bodi, na mara nyingine mayai mawili meupe yamegandishwa nyuma kabisa. Mjusi akipita mbele ya lile jicho la chuma, kwa sensa ni sawa na mtu anayekimbia sebuleni. Buibui anafanya hivyo hivyo kwa nje, anaposhuka na uzi wake mbele ya kioo cha plastiki. Sisimizi nao hujenga ndani. Toa kila kitu, futa kwa brashi kavu, kisha ziba tundu la waya na matundu ya skrubu kwa silikoni. Usipoziba, kazi uliyofanya ni ya wiki mbili.

Kama sensa ni safi na bado inalia, mahali pake si pazuri. PIR inasoma mabadiliko ya joto yanayopita mbele yake. Kwa hiyo haipendi kutazama dirisha linalopigwa na jua, pazia linalopepea juu ya kiyoyozi, friji, wala jiko. Ifunge kwenye kona, mita 2.1 hadi 2.4 kutoka sakafuni, ili mtu anayeingia akatize mbele yake badala ya kuijia uso kwa uso, maana hapo ndipo inaona vizuri. Sensa ya ndani iliyofungwa barazani hairekebishiki. Iondoe, nunua ya nje. Na "haisumbuliwi na wanyama hadi kilo 25" ni kweli kwa mbwa anayetembea sakafuni. Paka akiruka juu ya kabati amefika usawa wa mtu.

Upande wa pili wa joto husahaulika. Chumba kikifika nyuzi 35 na zaidi, ukuta na mwili wa mtu vinakaribiana joto, na sensa ya bei rahisi inakuwa kama haimwoni. Kwa ghala la bati lililofungwa mchana, usitegemee PIR peke yake. Weka sumaku kwenye kila mlango.

Inakataa kuwaka: mlango unasoma uko wazi

Mlango umefungwa, umekazwa, na kibao kinasema zoni iko wazi. Wakati wa masika mbao zinavimba, mlango haufiki tena mwisho wake, na sumaku inabaki mbali na mwenzake. Kwenye fremu ya mbao kontakti ya kawaida (sumaku na swichi yake) huvumilia pengo la milimita 15 hadi 20. Kwenye geti la nondo au mlango wa chuma pengo hilo linapungua sana, kwa kuwa chuma kinavuta nguvu ya sumaku kando. Zipo kontakti nene za chuma zinazotengenezwa kwa milango hiyo, na ndizo za kununua. Hizi ndogo nyeupe za gundi ziache kwa madirisha ya alumini.

Ukitaka uhakika, shika sumaku nyingine mkononi uisogeze kwenye kontakti. Zoni ikifunga, sogeza vipande vikaribiane. Isipofunga, kontakti imeganda au waya umekatika.

Usimzoeze mwenye nyumba kuiruka zoni kila usiku, yaani kuwasha alamu zoni hiyo ikiwa imeachwa nje. Ataendelea kuiruka hata mwakani.

Tampa inalalamika, hakuna aliyegusa kitu

Tampa ni ile swichi ndogo ya kuonya kifuniko kinapofunguliwa. Mara nyingi kifuniko hakikukaa sawa, au sensa imefungwa kwenye ukuta wenye mawimbi na imepinda. Kama ni boksi la king'ora cha nje, plastiki imepindishwa na jua. Weka kipande cha mpira chini ya swichi ili ibonyee vizuri. Dakika kumi, kazi imekwisha.

Lakini angalia waya wa fensi ya umeme ulipopita. Fensi hupiga volti elfu kadhaa kila baada ya sekunde moja hivi, na waya wake ukilala bega kwa bega na waya wa alamu kwenye bomba moja, zoni na tampa zitacheza bila mpangilio wowote. Bomba la fensi liwe lake. Vivyo hivyo kwa nyaya za volti 230.

King'ora hakilii, au kinalia kinyonge

Kinyonge maana yake volti hazifiki. Waya wa alamu wa milimita za mraba 0.22 una karibu omu 0.08 kwa kila mita. Kwa king'ora kilicho umbali wa mita 30, umeme unakwenda na kurudi, mita 60, karibu omu 4.7. King'ora kinachovuta ampia moja kinapoteza volti 4.7 njiani na kinabaki na 8 hivi. Waya wa alumini iliyopakwa shaba, ambao umejaa sokoni kwa bei ya kuvutia, unapoteza zaidi ya hapo. Ukwangue kwa kisu. Ukiona ndani pamekuwa peupe, umeuziwa huo. King'ora kivutie waya mnene zaidi, au unganisha nyuzi mbili mbili za waya uliopo.

Kama hakilii kabisa, pima kwenye BELL, skrubu za king'ora kwenye bodi, alamu ikiwa inalia. Volti zipo, ona njia na king'ora chenyewe. Volti hazipo, angalia fyuzi. Na ukikiondoa king'ora kwa matengenezo, weka rezista ya omu 1,000 kwenye BELL, bodi isikupigie kelele ya hitilafu.

Kibao cha namba kimekufa

Waya nne: umeme mbili, mazungumzo mbili. Kama kibao hakina mwanga, pima nyekundu na nyeusi hapo hapo kilipo. Bodi ina 13.7 na kibao kina 9, waya ndio unaokula. Kama kina mwanga lakini hakijibu, njano na kijani zimebadilishana au moja imekatika. Kama vyote viko sawa, leta kibao hadi kwenye boksi na ukiunganishe kwa waya mfupi. Kikifanya kazi hapo, waya wa ukutani ndio mgonjwa.

Alamu inalia, simu haiji

Anza na laini, maana moduli yenyewe huharibika mara chache. Toa laini, weka kwenye simu ya kawaida, piga. Utakuta haina salio, au imefungwa kwa kukaa muda mrefu bila kutumika, au inadai namba ya PIN kabla ya kuwaka, jambo ambalo moduli haiwezi kujibu. Laini nyingine imesajiliwa kwa jina la fundi aliyehama. Isajili kwa jina la mwenye nyumba, ondoa PIN, na panga jaribio la simu kila mwezi ili laini ibaki hai. Baadhi ya moduli zinakwama ujumbe wa matangazo unapojaza nafasi ya laini, ufute.

Antena isibaki ndani ya boksi la chuma. Na kama moduli inazima na kuwaka kila inapojaribu kupiga, rudi kwenye betri na waya wake wa umeme. Kupiga simu kunavuta umeme kwa mikupuo mikali.

Wakati wa kuikatia bodi tamaa

Baada ya radi, au umeme uliorudi kwa kishindo, bodi inaweza kubaki nusu hai: zoni mbili hazisomi, chaja inatoa volti 11, kibao kinapotea na kurudi. Chomoa kila kitu, acha transfoma na kibao tu, weka rezista kwenye zoni zote. Transfoma itoe karibu volti 16.5 za AC na bodi itoe zaidi ya 13 kwenye AUX, skrubu zinazolisha sensa umeme. Ikishindwa ikiwa haina mzigo wowote, haitengenezeki kwa gharama yenye maana. Ikifaulu, rudisha sensa moja moja, mita ikiwa kwenye AUX. Utakayoirudisha na volti zikaanguka, hiyo ndiyo iliyokuwa inaivuta bodi chini. Na bodi mpya isifungwe kabla ya kuweka kinga ya mawimbi ya umeme kwenye soketi ya transfoma na waya wa ardhi kwenye boksi, kwa sababu radi nyingine inakuja masika ijayo.